Tanki Akifa, Usimtazame Mponyaji Peke Yake

Katika gemu ya mtandaoni ya Final Fantasy XIV, tanki, yaani mchezaji anayepokea vipigo vya maadui kwa niaba ya wenzake, akifa katikati ya danjeni, eneo la mapambano ya kikosi, macho ya kikosi kizima humgeukia mponyaji. Kazi yake kuponya, mtu kafa, kesi imekwisha. Sisi tulioicheza katika majukumu yote matatu, kuanzia danjeni za mwanzo hadi redi (mapambano makubwa ya vikosi) za ngazi ngumu ya Savage, tumejifunza kwamba hukumu hiyo hutolewa kabla mashahidi hawajaitwa. Nyuma ya kifo kimoja cha tanki kuna maswali manne au matano, na mponyaji anahusika na moja au mawili tu.

Kwanza mgawanyo wenyewe. Danjeni huchezwa na watu 4: tanki mmoja, mponyaji mmoja, washambuliaji wawili. Kikosi kamili ni watu 8: tanki wawili, waponyaji wawili, washambuliaji wanne. Redi za muungano hukusanya watu 24 katika vikosi vitatu, kila kimoja kikiwa na tanki mmoja, waponyaji wawili na washambuliaji watano. Duty Finder huwachukua watu wasiojuana kutoka seva mbalimbali na kuwapanga kwa hesabu hiyo. Mfumo unahakikisha nafasi imejazwa. Hauhakikishi kwamba aliyeijaza anajua inadai nini, na karibu magomvi yote ya gemu hii huanzia kwenye pengo hilo.

Turudi kwa tanki aliyekufa. Tuseme ameyakokota makundi mawili ya maadui hadi kwenye lango lililofungwa, maadui saba au wanane wamemzunguka. Swali la kwanza: alitumia kinga zake, na alizitumia kwa mpangilio gani? Rampart hupunguza kipigo kwa asilimia 20, hudumu sekunde 20, na hurudi baada ya sekunde 90. Kila kazi ya tanki, yaani aina ya mhusika anayoichagua, ina pia kinga moja kubwa: Sentinel kwa Paladin, Vengeance kwa Warrior, Shadow Wall kwa Dark Knight, Nebula kwa Gunbreaker. Hiyo hupunguza asilimia 30 kwa sekunde 15 na hurudi baada ya sekunde 120, hadi inapoboreshwa katika levo ya 92. Wageni wengi hushika moja ya njia mbili mbaya. Ama huziweka akiba kwa ajili ya bosi, adui mkuu, ambaye kwa kawaida humpiga tanki kwa nguvu ndogo kuliko kundi la maadui wanane, ama huzibonyeza zote kwa pamoja wanapoona uhai unashuka.

Kuzibonyeza pamoja ni hasara, na hesabu yake ni rahisi. Asilimia 20 na 30 hazifanyi 50. Kipigo cha 100 kikipita kwenye Rampart kinabaki 80, kikipita kwenye ile kubwa kinabaki 56, yaani umepunguza 44 tu. Na baada ya sekunde 15 umebakiwa na sekunde 5 za Rampart, kisha huna kitu. Ukizifuatanisha unapata sekunde 35 za ulinzi, na katika kikosi kinachojua kazi yake maadui wengi watakuwa wamekufa kabla hazijaisha. Anza na kubwa, kwa sababu mwanzoni ndipo maadui wote wako hai na kipigo kiko juu kabisa. Fuatisha Rampart. Katikati ongeza Reprisal, inayopunguza kipigo cha maadui walio karibu nawe kwa asilimia 10, pamoja na Arm's Length. Hii ya pili ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Wengi wanaijua kama kinga dhidi ya kusukumwa, lakini adui anayekupiga kwa mwili ukiwa nayo hupungua kasi kwa asilimia 20 kwa sekunde 15. Kwa maadui wanane hiyo ni nafuu kubwa.

Kuna jambo dogo ambalo tanki wazoefu hulizingatia. Mponyaji akiwa White Mage, mojawapo ya kazi za uponyaji, wa levo ya 45 au zaidi, ana Holy, inayowazubaisha maadui wote wa karibu. Mara ya kwanza kwa sekunde 4, kisha muda hupungua kila ikirudiwa hadi wanapata kinga. Adui aliyezubaa hapigi. Kwa hiyo tanki akitumia kinga yake kubwa wakati huo huo, ameitumia dhidi ya watu waliolala. Angoja sekunde chache, auone mzubao umekwisha, ndipo abonyeze.

Swali la pili: washambuliaji walikuwa wanapiga nini? Hapa ndipo kesi nyingi zinapogeuka. Chukua mfano wa kubuni wenye namba nyepesi: pigo la eneo lenye nguvu ya 100 kwa kila adui, na pigo la adui mmoja lenye nguvu ya 300. Maadui wakiwa wawili, la mmoja linashinda. Wakifika watatu zinalingana. Wakiwa wanane, pigo la eneo linatoa 800. Mshambuliaji anayempiga adui mmoja mmoja katika kundi la wanane anaurefusha mpambano, na kinga za tanki hazirefuki naye. Tanki anakufa katika sekunde ya 50 huku kinga zikiwa zimeisha katika ya 35. Mponyaji anaonekana dhaifu, ilhali aliombwa kubeba sekunde 15 ambazo hazikupaswa kuwepo. Kanuni ya watatu au zaidi inafaa kwa kazi nyingi, na maelezo ya mbinu zako yatakuambia kama kwako ni wawili.

Lakini kabla ya kumlaumu mshambuliaji, tazama levo ya danjeni. Mchezaji wa levo ya 100 akiingia Sastasha, danjeni ya kwanza ya gemu, hushushwa hadi levo ya pale, na mbinu zake zote za juu hufungwa. Dragoon hapati Doom Spike, pigo lake la kwanza la eneo, kabla ya levo ya 40. Ninja hana Death Blossom kabla ya 38. Mponyaji wa tawi la White Mage hana Cure II kabla ya levo ya 30 wala Holy kabla ya 45. Tanki aliyezoea danjeni za levo ya 90 akikokota makundi matatu katika danjeni ya levo ya 16, anakidai kikosi vitu ambavyo mfumo umewanyang'anya. Huo si uzembe wa mtu yeyote isipokuwa aliyekokota. Kwa danjeni zilizo chini ya levo ya 40 tunashauri kundi moja, au mawili madogo ukiwaona wenzako wanamudu. Angalia kazi za wenzako kwenye orodha ya kikosi kabla ya hatua ya kwanza.

Swali la tatu ni dogo lakini linaua: hali ya tanki ilikuwa imewashwa? Iron Will, Defiance, Grit na Royal Guard ndizo zinazofanya maadui wamkasirikie tanki kuliko wengine wote. Huzimika ukibadilisha kazi. Tangu nyongeza ya gemu ya Shadowbringers ya 2019 kuiwasha hakupunguzi nguvu za mashambulizi yako, hivyo tanki wa danjeni hana sababu ya kuizima. Ikiwa imezimwa, maadui watamfuata mponyaji mara tu anapoponya, na watu watadhani mponyaji ndiye aliyekaa vibaya.

Sasa mponyaji. Dai linalomwonea zaidi ni kwamba lazima uhai wa kila mtu ujae muda wote. Mtu mwenye asilimia 40 ya uhai yuko salama kabisa kama pigo lijalo ni la asilimia 20. Mponyaji mzuri anauliza pigo lijalo ni lini na lina ukubwa gani, na katika nafasi iliyobaki anashambulia. Tunajua wengi hawapendi kusikia hili, na baadhi ya waponyaji wageni huona kushambulia ni kuiacha kazi. Tazama muundo wa kazi yenyewe. Pigo la kawaida la kila mchezaji hurudi kila sekunde 2.5, na juu yake kuna mbinu za katikati ya mapigo, ambazo hazili nafasi hiyo. Uponyaji mwingi mzuri uko kwenye kundi hili la pili. Tetragrammaton ya White Mage hurudi kila sekunde 60. Benediction hujaza uhai wote mara moja na hurudi kila sekunde 180. Essential Dignity ya Astrologian huponya zaidi kadiri uhai wa mlengwa unavyokuwa chini, na hufika kilele chake ukiwa asilimia 30 au chini ya hapo, kwa hiyo kuibonyeza mtu akiwa na asilimia 80 ni kuitupa. Sage, kupitia Kardia, humponya mwenzake kwa kushambulia tu. Mponyaji akizitumia hizi kwanza, mapigo yake ya sekunde 2.5 yanabaki huru, na huyo ni mshambuliaji wa tatu katika danjeni. Aweke sumu ya sekunde 30, Dia au Biolysis au nyinginezo, aijaze tena inapokaribia kuisha, kisha aendelee na mapigo yake ya kawaida, Glare au Broil.

Kosa la kweli la mponyaji tunaloliona mara kwa mara ni kuikawiza Benediction. Anaiweka kwa ajili ya dharura kubwa zaidi ambayo haiji, danjeni inaisha, mbinu ya dakika 3 haikutumika hata mara moja. Kosa la pili ni MP, akiba ya nguvu za uchawi. Kufufua mtu mmoja kunagharimu MP 2,400 kati ya 10,000, hivyo wafu wanne karibu wamekumaliza. Bila Swiftcast, mbinu ya kufanya uchawi mmoja papo hapo, ufufuo huchukua sekunde 8 za kusimama tuli. Lucid Dreaming, inayorudisha MP, ibonyezwe mapema, MP zikifika karibu 7,000 au 8,000, si zikiwa zimebaki 1,000.

Na aliyefufuka hajarudi mzima. Ana udhaifu wa sekunde 100 unaopunguza nguvu zake kwa takriban robo, na akifa tena ndani ya muda huo hupungua hadi nusu. Mshambuliaji anayekufa mara tatu katika mpambano mmoja hajatoa kazi ya mtu mmoja kamili hata katika hali nzuri, halafu amemla mponyaji MP na Swiftcast yake. Ndiyo maana tunasema sifa ya kwanza ya mshambuliaji ni kubaki hai. Eneo la rangi ya chungwa chini likionekana, toka. Usijaribu kumalizia pigo moja zaidi.

Washambuliaji hudaiwa kidogo mno, na nionavyo mimi hapo ndipo jamii ya gemu hii imekosea zaidi. Kwa kuwa ni wengi na foleni yao ya kuingia danjeni ni ndefu, watu huchukulia kwamba wao ni wa kupiga tu. Lakini washambuliaji wa karibu wana Feint, inayopunguza kipigo cha kimwili cha adui kwa asilimia 10 na cha kichawi kwa 5. Wa uchawi wana Addle, ambayo ni kinyume chake. Bard, Machinist na Dancer wana Troubadour, Tactician na Shield Samba zinazokinga kikosi chote. Hizi tatu hazijumlishwi, kwa hiyo Bard na Dancer wakiwa kikosi kimoja wakubaliane nani anaanza. Red Mage wa levo ya 64 ana Verraise, na kwa Dualcast yake humfufua mtu papo hapo baada ya kila uchawi mmoja. Summoner naye anafufua. Katika vikosi vingi ambavyo mponyaji wake amekufa, Red Mage ndiye anayeokoa mpambano, na ni huzuni kumwona akiendelea kupiga huku wenzake wawili wamelala chini.

Tanki naye ana deni kwao. Kazi kama Monk, Samurai na Reaper hupata nguvu zaidi zikimpiga bosi ubavuni au mgongoni. Tanki anayemzungusha bosi kila sekunde chache anawanyima haki hiyo, na True North wanayoitumia kujinusuru ina akiba ya mara mbili tu. Mgeuze bosi mbali na kikosi mara moja mwanzoni, kisha simama. Ukilazimika kusogea, sogea kwa mstari ulionyooka na urudi ulipotoka.

Yote hayo ni ya danjeni. Matarajio hubadilika kwa ngazi ya ugumu, na kuchanganya ngazi ndiko kunakowafukuza wageni. Kwenye danjeni ya hadithi, mtu mwenye alama ya mche pembeni ya jina lake ana haki ya kutojua kitu. Mfumo wenyewe huwatangazia kwamba kuna mtu anayeingia kwa mara ya kwanza, na huwapa nyote zawadi ya ziada kwa ajili yake. Hapo tunamdai mambo matatu: avae vifaa vinavyolingana na levo yake, atumie mbinu alizonazo, na asimame pale anapoona wenzake wamesimama. Hatumdai kujua mitego ya bosi. Kabla ya kuingia mara ya kwanza apite kwenye Hall of the Novice, mafunzo ya ndani ya gemu kwa kila jukumu. Yanachukua muda mfupi na zawadi yake ni vifaa vinavyomfaa.

Kwenye Extreme na Savage, ngazi za ugumu wa juu, mambo yanageuka. Pale bosi ana kikomo cha muda, na kikifika hukiua kikosi kizima. Kwa hiyo kila mtu, waponyaji na tanki wakiwemo, anadaiwa mashambulizi. Mbinu nyingi za kuwaongezea wenzako nguvu hurudi kila sekunde 120 na hudumu takriban sekunde 20, na kikosi hupanga mapigo yake makubwa yaangukie humo. Ukiichelewesha yako kwa sekunde 5 katika dakika ya pili na 5 nyingine katika ya nne, kufikia dakika ya sita umeachana na wenzako kwa sekunde 10, na dirisha la pamoja limebaki sekunde 10. Kula chakula kabla ya kuanza, na kumbuka kinadumu dakika 30. Tengeneza vifaa vyako pia, maana kila kifo huvichakaza, na baada ya saa moja ya mazoezi unaweza kuwa unapigana bila vazi la maana bila kujua.

Nafasi zipangwe kabla. Tanki wawili waamue nani anamshika bosi na nani anasubiri. Bosi akihitaji kubadilishiwa tanki, anayesubiri hubonyeza Provoke, inayomvuta bosi kwake, na aliyekuwa naye hubonyeza Shirk, inayohamisha hasira ya bosi, akimlenga mwenzake mara baada ya hapo. Shirk ikisahaulika, bosi hurudi kwa wa kwanza ndani ya sekunde chache na pigo la pili linamuua. Waponyaji wawili waamue nani anafufua kwanza, ama sivyo wote wawili watatumia Swiftcast kwa maiti moja. Inafaa mmoja awe wa uponyaji wa moja kwa moja, White Mage au Astrologian, na mwingine awe wa ngao, Scholar au Sage. Ngao za Scholar na Sage hazikai pamoja, moja huifuta nyingine. Washambuliaji wajue jozi zao na upande wa kutawanyikia: nani kaskazini, nani mashariki, nani anajumuika na kundi lipi alama ya kukusanyika ikitokea.

Kikosi kikitafutwa kwa Party Finder, ubao wa matangazo ya kutafuta wenzako ndani ya gemu, andika ukweli. Mfumo unakuruhusu kuchagua kama lengo ni mazoezi, kumaliza, au zawadi. Taja mtego mlioufikia kwa jina lake. Anayeingia kikosi cha kumaliza ilhali hajauona nusu ya pili ya mpambano anawaibia watu saba jioni yao, na hilo tunalikemea bila kumung'unya maneno. Kuwa mgeni si kosa. Kuficha ugeni mahali ambapo wengine wamepanga kwa kuamini ulichosema ndilo kosa. Kwa upande mwingine, usimtajie mtu namba za kipigo chake ulizozipata kwa programu ya nje. Masharti ya Square Enix, watengenezaji wa gemu, yanazikataza programu hizo, na hata bila masharti, namba hiyo haimwambii mtu abadilishe nini. Mwambie kitu kinachotendeka: sumu yako ilikaa sekunde 12 bila kujazwa.

Kwa anayecheza akiwa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala kwenye seva za Ulaya, kuna hesabu moja zaidi. Baada ya kila mbinu mhusika hufungwa kwa takriban sekunde 0.6 kabla ya kufanya nyingine, na ucheleweshaji wa mtandao hujumlishwa hapo. Ukiwa na milisekunde 200, kila mbinu inakula takriban 0.8. Pigo moja na mbili za katikati ni 2.4 kati ya 2.5 ulizonazo, na mtandao ukitikisika kidogo tu umevuka. Weka moja ya katikati badala ya mbili, isipokuwa kwenye dirisha la mapigo makubwa. Vivyo hivyo kwenye maeneo ya hatari: pigo huhesabiwa pale upau wa bosi, unaoonyesha pigo analoliandaa, unapojaa, si pale mlipuko unapoonekana. Seva inakuona mahali ulipokuwa kitambo kidogo nyuma, basi ondoka mapema kuliko mwenzako aliye Ujerumani.

Lugha nayo. Gemu ina kamusi ya misemo inayojitafsiri yenyewe kati ya Kijapani, Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani. Andika mwanzo wa msemo, bonyeza Tab, na mwenzako atausoma kwa lugha yake. Kiswahili hakimo, lakini misemo 15 au 20 ya kukariri, kama salamu, ngoja, niko tayari, mara yangu ya kwanza, samahani, inatosha danjeni nzima.

Kikosi kizima kikifa, kuna muda mfupi wa kujipanga upya, na maneno ya kwanza ndiyo yanayoamua kama watu watabaki. Tanki aanze kwa kusema alitumia kinga ipi na ipi ilikuwa bado haijarudi. Mponyaji aseme kama aliishiwa MP au alishikwa na mtego. Mshambuliaji aliyesimama mahali pabaya aseme ni yeye. Kisha mtu mmoja tu, yeyote aliyeuona mtego vizuri, aueleze kwa sentensi moja: alama ikitokea juu yako, nenda magharibi. Ngojeni chakula kiliwe, mfanye ukaguzi wa utayari, na muanze tena.